Kijaluba cha Mama wa Buzebazeba

Simu ya daktari wa macho ilinikuta nimeloweka shanga kwenye beseni la maji ya sabuni, barazani kwangu Ujiji. Ilikuwa asubuhi ya siku ya kliniki, na nilijua daktari yule hapigi simu ovyo akiwa kazini. Aliniita kama wanavyoniita wengi tangu nistaafu.

"Mwalimu, uko mbali na hospitali?"

"Niko nyumbani. Kuna nini?"

"Kuna bibi hapa tumemfungua bandeji. Ameshika kidani changu na hataki kukiachia. Anasema ni chake."

Kidani chenyewe nilikuwa nimekitengeneza mimi. Niliziacha shanga majini, nikajifunga mtandio, nikatoka.

Kabla sijaeleza yaliyotokea hospitali, niseme kwanza kazi hii niliipataje. Kwa miaka mingi nilifundisha sayansikimu katika shule ya sekondari. Niliwafundisha wasichana kushona, kupika na kutunza nyumba, na nilipostaafu sikujua mikono yangu niipeleke wapi. Mwaka uliofuata mama yangu akafariki. Ndugu zangu waligawana vitanda, vyombo na kanga, na mwishoni kikabaki kifuko cha kitambaa kilichojaa vitu vibovu: shanga za buluu zilizokatika uzi, hereni isiyo na mwenzake, pete iliyopasuka, vipande vya marijani, sarafu za zamani zilizotobolewa. Dada yangu alisema tukitupe. Nikakichukua. Siku zile za matanga nilikaa chumbani kwa mama nikizichambua shanga kwa rangi na ukubwa, nikiziweka kwenye trei za mayai, na ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kupita saa nzima bila kulia. Nilipomaliza kuchambua nilizitunga zote kwenye uzi wa nailoni, ule ule wa wavuvi, nikazivaa. Watu walinisimamisha sokoni kuniuliza nimepata wapi.

Ndivyo ilivyoanza. Shanga mpya za dukani sikuzitaka. Nilitumia vitu vilivyokwisha kuvaliwa, nikivisafisha, nikiviunganisha upya. Vya mama vilipokwisha nilianza kuletewa vingine na mnunuzi wa vyuma chakavu wa Mwandiga. Yeye huzunguka mitaani na vijijini akikusanya sufuria zilizotoboka, mabati na vyuma vya baiskeli, na mara moja moja katikati ya vyuma hivyo huibuka bangili ya shaba au mkufu uliokatika. Kabla hajanijua, vitu hivyo vyote vilikuwa vinakwenda kuyeyushwa pamoja na mabomba ya maji.

Siku moja aliniletea kijaluba cha fedha. Kilikuwa kijisanduku cha mviringo, kirefu kama kidole cha mwisho, chenye pete mbili ndogo za kupitishia uzi. Zamani watu walitia karatasi ya hirizi ndani ya kitu kama hicho, kisha sonara akaziba ncha zote mbili. Kilikuwa kimekuwa cheusi kabisa. Nilikisugua kwa majivu na ndimu mpaka kikang'aa, na hapo nikaona kwamba upande mmoja kina vijishimo vidogo vidogo, kana kwamba mtu alikibonyeza kwa ncha ya msumari. Nilidhani ni nakshi iliyofutika. Nilipokitikisa, kitu kiligusagusa ndani. Sikukifungua. Nilijiambia kwamba ni heshima, ingawa nadhani ilikuwa woga zaidi.

Nilikiweka katikati ya kidani cha shanga za akiki, nikakizungushia vipande vya shaba nyekundu. Kilikuwa kidani kizuri kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza, na nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu uzuri wake ulikuwa wa kile kijaluba. Daktari wa macho, mwanamke kijana aliyehamishiwa kwetu kutoka Iringa, alikivaa mbele ya kioo changu akakishika. Kisha akaniuliza, "Hiki cha katikati kilikuwa cha nani?"

Nikamjibu kama nilivyozoea kuwajibu wateja. "Cha bibi mmoja wa zamani. Wenyewe walishakufa siku nyingi."

Sikuwa najua. Nilisema hivyo kwa sababu wateja hupenda kusikia hivyo, na kwa sababu kitu cha marehemu hakina mtu wa kuja kukiulizia.

Nilipofika hospitali nilimkuta yule bibi ameketi kwenye benchi la ukumbini, mwembamba, amejitanda kanga mbili, jicho moja limefumba kabisa na la pili jekundu, linatoa machozi. Pembeni yake alisimama mwanawe, mwanaume wa makamo aliyevaa kofia ya kufuma. Daktari alikuwa amekivua kidani, akampa bibi akishike ili apate kuwahudumia wagonjwa wengine. Bibi alikuwa amekilaza mapajani na kidole gumba chake kikipapasa kijaluba upande wenye vijishimo.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekitengeneza?"

"Ndiye mimi."

"Kaa hapa."

Nikakaa. Daktari alitoka chumbani kwake, akanieleza kwa sauti ya chini lililotokea. Jicho moja la bibi lilikuwa limekufa zamani, na la pili lilifunikwa na mtoto wa jicho mpaka akawa haoni ila vivuli. Walimfanyia upasuaji jana yake. Asubuhi hiyo daktari alimtoa bandeji, akainama na kurunzi kumtazama, na kidani kikaning'inia mbele ya uso wa mgonjwa. "Nilimuuliza anaona nini," daktari alisema. "Huwa wanasema naona mwanga, au naona mkono wako. Yeye akasema, naona hirizi yangu."

Bibi alisikia. "Niliona hirizi yangu," akarudia. "Usidhani nimechanganyikiwa, mwanangu. Baba yangu alikuwa amewazika watoto watatu kabla yangu. Mimi nilipozaliwa alitoa rupia zake za fedha, akampelekea sonara hapa hapa Ujiji, akatengenezewa hii. Maneno ya ndani aliyaandika yeye mwenyewe. Nimeivaa mpaka nilipokuwa msichana. Wanangu wote sita wameivaa. Hivi unavyoviona hapa ni meno. Kila mmoja alipokuwa anaota meno alitafuna hapa."

Nikavitazama vile vijishimo nilivyovisugua kwa ndimu nikidhani ni nakshi. Vilikuwa viwili viwili, kwa ukubwa wa meno ya mtoto mchanga. Sijui ni kwa nini sikuona mara ya kwanza. Nimelea watoto wanne.

"Sasa niambie," bibi akasema, "nani alikuuzia?"

"Mnunuzi wa vyuma chakavu, mama. Wa Mwandiga."

"Na yeye aliuziwa na nani?"

"Sikumuuliza."

"Aliuziwa na mkwe wangu," akasema, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuhukumu siku nyingi. "Sema tu. Usimfichie."

Mwanawe aligeuza uso akatazama dirishani.

Nilipata kisa hicho kwa vipande, kingine kutoka kwa bibi, kingine kutoka kwa mwanawe tulipokuwa tukitembea kwenda getini. Bibi aliishi Buzebazeba na mwanawe huyo na mke wake. Mke ni binti wa Bangwe, aliyesoma dini vizuri, na tangu aolewe hakuficha kwamba hirizi kwake haina maana na kwamba mtu amtegemee Mungu bila kupitia kwenye karatasi. Hakusema kwa ubaya, mwanaume aliniambia, ila alisema. Basi hirizi ilipopotea, bibi hakutafuta mwingine wa kumshuku. Alimwita mkwe wake mbele ya majirani, akamwambia ameitupa chooni. Mkwe akaapa kwamba hakuigusa. Bibi akasema kuapa ni rahisi. Wiki ile ile mkwe alifunga nguo zake, akarudi kwao Bangwe, na ilikuwa inakaribia mwaka sasa.

"Na wewe ulisema nini?" nikamuuliza yule mwanaume.

"Ningesema nini, mwalimu? Huyu ni mama, yule ni mke."

Nilirudi ukumbini nikamwomba bibi siku mbili nitafute ukweli. Kidani tulimwachia. Daktari mwenyewe ndiye aliyesema aende nacho nyumbani, na mimi nikaona aibu kwamba neno hilo halikutoka kinywani mwangu kwanza.

Siku hiyo sikuweza kufanya kazi. Nilizitoa shanga majini, nikazianika kwenye ungo, nikakaa nikizitazama. Kila moja ilikuwa imetoka shingoni mwa mtu, na mimi kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimewaua wenye mali kwa mdomo wangu. Cha bibi wa zamani. Walishakufa siku nyingi. Mmoja wao alikuwa hai Buzebazeba, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwangu, akimchukia mtu kwa ajili ya kitu kilicholala kwenye trei yangu ya mayai. Nilijitetea moyoni kwamba sikuiba, nilinunua kihalali, na hilo lilikuwa kweli. Halikunisaidia.

Kesho yake nilikwenda Mwandiga. Mnunuzi anaishi nyuma ya barabara kuu, uwanja wake umejaa mabati na fremu za baiskeli, na mizani imening'inia kwenye mti wa mwembe.

"Mwakeye, mwalimu," akanisalimia kwa Kiha, kama kawaida yake. "Safari hii sina kitu cha maana. Mabomba tu."

Nikamweleza kilichonileta. Nilitarajia aseme amesahau, maana vitu vingi hupita mikononi mwake. Hakusita hata kidogo.

"Kile cha fedha? Kilikuwa kwenye mkebe wa vifungo. Nilichukua cherehani Buzebazeba, cherehani ya zamani ya miguu ya fundi nguo aliyefariki, pamoja na mkasi, pasi ya mkaa na mkebe wa vifungo. Yule mwanaume mwenye nyumba alinisaidia kuibeba mpaka kwenye mkokoteni. Njoo."

Akanipeleka ndani. Cherehani haikuyeyushwa. Ilikuwa karibu na dirisha, imepakwa mafuta, na mke wake alikuwa ameketi akishona sare ya shule. Mkebe ulikuwa pale pale juu ya meza, mkebe wa kawaida wa maziwa ya unga, rangi imebanduka. Mke alinieleza kwamba walipoumwaga siku ile ili wachague vifungo vya shati, hirizi ilianguka katikati yao. Mumewe aliiweka kando kwa ajili yangu. "Tulidhani fundi mwenyewe ndiye aliyeihifadhi humo," akasema. "Watu huweka vitu popote."

"Kuna mwanamke aliyekuwapo siku ile?" nikamuuliza mumewe. "Mke wa mwenye nyumba?"

"Hapana. Alikuwapo mama mzee, amekaa mlangoni. Ndiye aliyesema tuchukue vikorokoro vyote vya fundi, amechoka kujigonga navyo."

Niliuomba ule mkebe. Mke alivimimina vifungo kwenye bakuli, akabakiza konzi moja ndani, akanipa.

Nilipofika Buzebazeba bibi alikuwa ameketi sebuleni, amevaa miwani myeusi ya hospitali, na kidani kikiwa kwenye mto kando yake. Mwanawe alikuwapo. Nilipanga maneno njiani, lakini nilipomwona nikaona maneno hayatafaa kitu. Nikamwekea mkebe mikononi.

Aliupapasa. Akautikisa ukalia. Akaondoa miwani, akausogeza karibu na jicho lake jipya, akautazama kwa muda mrefu.

"Huu ni wa vifungo," akasema. "Wa marehemu mume wangu."

"Ndimo ilimokuwa hirizi, mama."

"Hapana. Niliiweka kwenye mkebe wa udi. Ilikuwa msumarini juu ya kitanda, nikaogopa itaanguka nisiione, nikaitia kwenye mkebe wa udi kwa mkono wangu."

Mwanawe alinyanyuka taratibu, akaingia chumbani, akarudi na mkebe mwingine wa maziwa ya unga wenye kimo kile kile na rangi iliyobanduka vile vile. Akauweka karibu na ule wa kwanza. Bibi akautikisa nao. Vipande vya udi vililia ndani kama vifungo.

"Yote miwili ilikuwa wapi?" nikauliza.

"Juu ya meza ya cherehani," mwanaume akajibu badala ya mama yake. "Mama, wewe mwenyewe uliniambia nivitoe vyote. Nilimpa yule mtu mkebe uliokuwa mbele, sikuufungua."

Bibi alishika mikebe yote miwili mapajani. Nilidhani atalia. Alikaa tu, akitazama mmoja kisha mwingine, kama mtu anayesoma. Nilitaka kumwambia kwamba hakuwa anaona, kwamba lingeweza kumpata mtu yeyote, na nikafungua kinywa kusema hivyo. Akaniwahi.

"Macho hayakunisukuma kumwita mbele ya majirani," akasema. "Hilo nililifanya na mdomo wangu."

Kisha akamwambia mwanawe atafute bajaji.

Mwanawe alisema labda kesho, jicho lipumzike, daktari alikataza vumbi. Bibi akavaa miwani yake myeusi, akajitanda, akasimama mlangoni. Mimi nilitaka kurudi nyumbani, kwa kuwa jambo lililobaki lilikuwa la familia, lakini alinishika mkono. "Wewe ndiye unayejua habari yote. Akinibishia utasema."

Bangwe tulimkuta mkwe nyuma ya nyumba ya wazazi wake, karibu na maji, akigeuza dagaa juu ya chanja za waya. Ziwa lilikuwa limetulia siku hiyo na kunguru walikuwa wengi, na shangazi yake aliketi na fimbo kuwafukuza. Mkwe alipotuona aliacha kazi, akanawa mikono kwenye ndoo, akaja akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," bibi akasema. "Sitakaa. Nimekuja kusema nikiwa nimesimama, kama nilivyosema siku ile."

Akasimulia yote. Hakupunguza. Alisema kuhusu msumari, mikebe miwili, cherehani, na mtu wa Mwandiga. Alisema kwa sauti ya kutosha kusikika na shangazi mwenye fimbo na wanawake wengine wawili waliokuwa chanja ya jirani, na nikaelewa kwamba alikuwa anafanya hivyo makusudi. Mwishoni akasema, "Nilikusingizia. Uliapa kwa Mungu nikakwambia kuapa ni rahisi. Nisamehe, binti yangu."

Mkwe alikuwa ametazama mchanga muda wote. Alipoinua uso macho yake yalikuwa makavu.

"Nilimeza maneno yako mwaka mzima, mama," akasema. "Kuna siku nilikuwa nashindwa kuswali nikakaa tu kwenye mkeka. Nilikuwa najiuliza, labda kweli niliitupa nikasahau."

"Hukuitupa."

"Najua. Ila ulinifanya nisijue."

Bibi akainamisha kichwa.

"Nimekusamehe," mkwe akasema. "Nakusamehe mbele ya hawa wanaosikia. Lakini kurudi kuishi kule ni jambo jingine, usinielewe vibaya. Hapa nina dagaa wangu, nina wateja wangu. Na mume wangu njia ya kuja hapa anaijua."

Bibi akageuka kumtazama mwanawe kupitia miwani yake myeusi. Mwanaume akarekebisha kofia yake.

"Anaijua?" bibi akauliza.

"Jumamosi na Jumatano," mkwe akasema.

Jumamosi na Jumatano, nilikuja kujua, ndizo siku ambazo bibi aliambiwa mwanawe ana zamu bandarini. Shangazi mwenye fimbo alicheka kwanza, akijaribu kujizuia, kisha bibi naye akacheka, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka, na mkwe akamshika mkono akamwongoza kwenye kivuli akakaa. Walituwekea chai. Hatukuzungumza tena habari ya hirizi. Tulizungumza bei ya dagaa, na macho, na jinsi bibi alivyoshangaa kuona milima ya Kongo ng'ambo wakati bajaji ilipokuwa inashuka.

Kulikuwa bado na suala la kidani. Bibi alitaka nimkatie kijaluba chake, vilivyobaki virudi kwa daktari. Nilimpelekea daktari habari hiyo nikiwa nimejiandaa kumrudishia pesa zake zote, na nilimwambia pia kwamba siku ile aliponiuliza kilikuwa cha nani, nilimwambia kitu nisichokijua.

Alinisikiliza akiwa ameegemea meza yake. "Nilikuwa nakivaa siku za kliniki tu," akasema. "Sikuzaliwa hapa, mwalimu. Nikikivaa akina mama walikuwa wananigusa shingoni wanauliza kimetoka wapi, tunaanza kuzungumza. Kabla ya hapo walikuwa wananijibu ndiyo na hapana basi." Akafikiri kidogo. "Mrudishie chake. Pesa sitaki. Nitafutie kitu kingine cha kukaa katikati, lakini safari hii uniambie ukweli wake."

Nilikifungua kidani mezani kwangu. Ni kazi ya dakika chache kukata uzi, lakini niliifanya polepole, kwa sababu sijawahi kuvunja kitu changu ili kumrudishia mwenyewe. Kijaluba nilimpelekea bibi Buzebazeba kwenye uzi mweusi wa pamba. Alikishika sikioni, akakitikisa, akasikiliza karatasi ya baba yake ikigusagusa ndani, akakivaa chini ya kanga. Katikati ya kidani cha daktari niliweka kifungo kikubwa cha chaza kutoka kwenye ile konzi ya vifungo vya fundi. Nikamwambia: hiki ni kifungo cha koti, fundi aliyekuwa nacho alifariki, mjane wake ndiye yule bibi uliyemtibu jicho, na ameridhia ukivae. Alisema ndivyo anavyotaka.

Tangu wakati huo nimebadilisha namna ya kufanya kazi. Kwenye ukuta wa baraza nimegongomea ubao wenye misumari. Kitu chochote chenye alama, iwe pete yenye herufi, sarafu iliyokwaruzwa au bangili iliyopinda kwa namna yake, hukitundika hapo kwa msimu mzima wa mvua kabla sijakitumia. Wapita njia husimama wakavitazama. Mpaka leo ni watu wawili tu waliotambua vitu vyao. Mmoja alichukua chake. Wa pili, mwanamke wa makamo, aliitazama ile bangili kwa muda, akasema ilikuwa ya mtu ambaye yeye hapendi kumkumbuka, akaniambia niitumie, akaenda zake. Jirani yangu ananiambia napoteza muda. Huenda ni kweli. Vidani natengeneza vichache zaidi sasa, na mteja akiniuliza kitu kilikuwa cha nani, mara nyingi jibu langu ni kwamba sijui. Wengine huondoka. Wengine hukaa wakakishika kwa uangalifu zaidi.

Bibi na mkwe wake hawakurudi kuishi nyumba moja. Mwanaume alipanga vyumba viwili mtaa wa pili kutoka kwa mama yake, na mkwe akahamia huko baada ya Idi, ingawa dagaa wake bado anawaanika Bangwe. Wakati jicho la bibi lilipohitaji dawa ya matone mara tatu kwa siku, ni mkwe aliyekuwa anakwenda kumtilia. Sijui wanazungumza nini. Habari ya hirizi, bibi aliniambia, hawaigusi. Kila mtu amebaki na maoni yake.

Mwezi uliopita mkwe alikuja kwangu peke yake. Nilimkaribisha nikamwonyesha trei zangu moja moja: akiki, marijani, shanga za buluu, shaba. Alivitazama kwa adabu, mikono nyuma. Kisha akatoa kwenye mkoba wake pakiti tatu za shanga za plastiki alizonunua sokoni, nyekundu, njano na kijani, bado zimefungwa.

"Naomba unitungie na hizi, mwalimu."

"Hutaki nikuchanganyie hata moja ya zamani? Zinapendeza zikikaa pamoja."

"Hapana," akasema. "Nataka kitu ambacho hakijawahi kuwa cha mtu. Kikipotea, kiwe kimepotea tu."

Nilikuwa na mengi ya kumwambia kuhusu uzuri wa vitu vya kale, maneno niliyowaambia wateja kwa miaka. Sikuyasema. Nilikata uzi, nikapasua pakiti ya kwanza, na yeye akavuta kigoda akakaa karibu nami akanichagulia rangi. Zilikuwa nyepesi sana mkononi, zote za ukubwa mmoja, hazikuhitaji kusafishwa wala kuchambuliwa. Tulimaliza kabla ya adhuhuri. Alikivaa pale pale, akajitazama kwenye kioo, akageuza shingo huku na huku, na nikakiri moyoni kwamba kilimpendeza.